Wasomaji wanauliza: Gari la spoti la zamani, la bei nafuu na la kuendeshwa

Wahariri, habari za kazi. Natafuta gari la spoti la zamani, la viti viwili, la bei ninayoimudu. Sitaki la kufunika na kulitazama. Nataka nilipande kila wiki, na siku nyingine niende nalo kazini. Nianzie wapi?

Kazi ni njema, asante. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali yake ya asili. Kwa kipimo hicho cha umri, magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yameshaingia kundini, na mengi kati yake yana injekta za mafuta na breki za diski magurudumu yote. Hii ni neema kubwa kwa mnunuzi wa leo. Unapata gari kongwe ambalo bado linawaka asubuhi bila kubembelezwa.

Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza tunapendekeza Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 na kuundwa hadi 1997. Injini iko mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, na uzito wake ni kama tani moja. Mwanzoni ilikuja na injini ya lita 1.6, kisha mwaka 1993 ikaongezwa ya lita 1.8. Ni injini ya silinda nne isiyo na mambo mengi, fundi wa kawaida anaielewa, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Ukitaka injini iwe nyuma ya mgongo wako, iko Toyota MR2. Ukitaka safari ndefu kwa utulivu, Porsche 944. Ukipenda kabureta na harufu ya petroli, MGB. Haya yote wenzako wameyauliza, na majibu yako hapa chini.

Usimalize pesa zote kwenye kununua. Tenga angalau robo ya bei ya gari kwa ajili ya matairi, mikanda, mipira ya maji na vimiminika vyote vya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kutenga robo hiyo anunue gari la bei ya chini zaidi kidogo lakini lililotunzwa, asinunue la kifahari lililochoka.

Nimeona MX-5 ya mwaka 1990, rangi inang'aa kama ya juzi. Muuzaji anaapa haina kutu. Mimi si fundi. Nitajuaje?

Rangi inayong'aa haikuambii lolote, na wakati mwingine ndiyo inayoficha. Kwenye gari hili anza na bodi, tena anzia chini. Injini ikichoka inafunguliwa na kutengenezwa, au unaweka nyingine. Bodi iliyooza inahitaji kukatwa na kuchomelewa, na kazi hiyo ikifanywa sawasawa inaweza kupita thamani ya gari zima.

Kutu ya MX-5 kwa kawaida huanzia kwenye paa. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye turubai hukusanywa na mfereji ulio nyuma ya viti, kisha hushuka kwa matundu mawili, moja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Majani na vumbi vikiziba tundu, maji hukosa njia. Yanafurika ndani, yanaingia kwenye kizingiti, ule mhimili wa bati unaopita chini ya mlango, na kukaa humo. Kizingiti huoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo siku unapoona kipele kwenye rangi, ndani kumeshaliwa zamani.

Nenda na chupa ya maji ya nusu lita na tochi. Mwombe muuzaji ruhusa, kunja paa nusu, kisha mimina maji polepole kwenye tundu la upande mmoja huku mwenzako amechuchumaa nje. Maji yanatakiwa yatoke chini mara moja, masafi au yenye vumbi kidogo. Yakichelewa, yakitoka matone matone au yasitoke kabisa, tundu limeziba, na sasa una sababu ya kukichunguza kizingiti cha upande huo kwa makini. Rudia upande wa pili. Kisha inua zulia nyuma ya viti na bonyeza kwa kiganja. Unyevunyevu hapo unathibitisha habari hiyohiyo.

Baada ya hapo pita na kidole gumba sehemu ya nyuma ya kizingiti, sentimita 20 za mwisho kabla ya gurudumu. Chuma kizima hakibonyei na hakitoi sauti ya mkwaruzo wa maganda. Beba pia sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa laini. Mahali inaposhika kwa ulegevu kuliko paneli ya jirani, chini ya rangi kuna puti. Ukipata kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi: rangi ya kiwandani huwa baina ya mikroni 90 na 150 hivi, na namba ikiruka kupita 300, paneli hiyo imepakwa upya au imejazwa. Kupakwa upya si kosa. Tatizo ni muuzaji anayekuambia haijaguswa.

Gusa kwa vidole ukingo wa ndani wa bodi juu ya magurudumu ya nyuma. Fungua buti, utaikuta betri humo. Betri ya gari hili inapaswa kuwa ya aina iliyofungwa au yenye bomba la kutolea mvuke nje. Mtu akiweka betri ya kawaida isiyo na bomba, mvuke wa asidi unakula bati la buti, kwa hiyo itoe na utazame chini yake. Na kama utavutiwa na kizazi cha pili, cha 1998 hadi 2005, kile kisicho na taa za kuchomoza, ugonjwa wake mkubwa uko mbele: mihimili miwili ya chasi chini ya injini huoza kutoka ndani, pale mabati yalipowekwa mawili na kunasa maji. Lazima gari lipande juu ya lifti ndipo uione.

Kuna jambo moja la injini linaloihusu hasa hiyo ya 1990. Injini za 1.6 za mwanzo, hadi mwaka 1991, zilikuwa na krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini, yenye ncha fupi. Bolti ya puli ikiwahi kufunguliwa kwa kazi ya mkanda wa taiming, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, na kurudishwa bila kukazwa kwa kipimo, puli hucheza, kijiti chake hula mfereji wa shafti, na taiming inahama. Tazama puli ya chini mbele ya injini, penye bolti ya katikati: ikiwa na mianya minne ni ya ncha fupi, ikiwa na minane ni ile iliyoboreshwa. Ncha fupi peke yake isikufukuze, maana nyingi zimefika mbali bila tatizo. Injini ikiwa inanguruma, mulika puli. Ikiyumba kama sahani inayozungushwa mezani, achana nalo.

Muuzaji huwa ameshaiwasha injini kabla sijafika. Kuna ubaya gani?

Upo. Injini ya moto inaficha mengi. Mpigie simu mapema, mwambie unataka kuikuta baridi, na ukifika gusa boneti kabla ya salamu kwisha. Ukiikuta ya moto, panga siku nyingine.

Ikiwaka baridi, simama nyuma ya bomba la moshi. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni maji ya kawaida. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya kichwa. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Wa bluu ni oili, na wakati unapotoka unakuonyesha mahali pa kutafuta: ukitoka unapokanyaga mafuta kwa nguvu, shuku ringi za pistoni, ukitoka unapokanyaga tena baada ya kushuka mlima mguu ukiwa juu, shuku sili za valvu. Sili za valvu ni kazi ndogo zaidi. Ringi maana yake ni kufungua injini yote.

Kama gari limekupendeza, mlipe fundi wako apime mgandamizo wa silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi na mafuta vikatwe, na kanyagio la mafuta libaki limekanyagwa hadi chini wakati stata inazungusha. Wengi husahau hili la mwisho na kupata namba za chini zisizo za kweli. Namba zenyewe si muhimu kama tofauti kati yake: kati ya silinda ya juu kabisa na ya chini kabisa isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi.

Barabarani, jaribu gia ya pili injini ikiwa bado baridi. Ugumu kidogo unaokwisha gari likipata joto ni wa kawaida kwa MX-5 na magari mengi ya rika lake. Mlio wa kukwaruza usiokwisha ni sinkronaiza, kifaa kinacholainisha gia inapoingia, iliyokwisha. Kama gia ya kwanza na ya nyuma zinagoma kuingia na pedali ya klachi inazama, usikubali haraka kwamba giaboksi imekufa. Kwenye MX-5 mara nyingi ni ile silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Vuta mpira wake wa vumbi kidogo, na ukikuta majimaji ndani, umempata mkosaji, tena ni kipuri cha bei ndogo.

Nimepewa chaguo la Porsche 944 mbili. Moja imetembea kilomita 60,000 lakini imelala miaka kumi. Nyingine ina 210,000, inaendeshwa na ina bahasha ya risiti. Moyo unataka ya kwanza.

Chukua ya pili, bila kusita. Gari linaloendeshwa limeshaonyesha maradhi yake na mwenyewe ameyalipia. Lililolala linakusubiri wewe. Kwa miaka kumi mpira unakauka, sili zinanyauka, maji yanajikusanya kwenye mafuta ya breki na kulisha kutu silinda za breki kutoka ndani, na petroli inageuka gundi ndani ya injekta.

Kwa 944, iliyoundwa kuanzia 1982 hadi 1991, hatari kubwa zaidi ni mikanda. Injini ina mkanda wa taiming na mwingine wa shafti za kusawazisha mtikisiko. Wa taiming ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na kupinda. Na wa kusawazisha ukikatika unaweza kujisokota na kuutoa ule wa taiming mahali pake. Mikanda hii huhesabiwa kwa miaka pia: miaka 4 au kilomita 70,000 hivi, lolote litangulialo. Ile ya kilomita 60,000 ambayo mikanda yake ina umri wa miaka kumi isiwashwe hata mara moja, hata kwa kuisogeza tu, kabla mikanda, roli zake na pampu ya maji havijabadilishwa kwa pamoja. Kama ni toleo la valvu 16, S au S2, kifuniko cha valvu kifunguliwe pia na kikazio cha mnyororo kati ya kamshafti mbili, shafti zinazofungua valvu, kitazamwe. Kipande chake cha plastiki huchakaa na kuvunjika.

Kwenye ile ya risiti, tafuta risiti ya klachi. Giaboksi ya 944 iko nyuma, imeunganishwa na injini kwa bomba refu lenye shafti ndani. Ili kuifikia klachi, bomba la moshi linatoka, giaboksi inatoka, na bomba la shafti linarudishwa nyuma. Ni kazi ya siku kadhaa, na klachi za asili zina kitovu cha mpira kinachomeguka kwa uzee. Klachi mpya iliyothibitishwa kwa risiti ina thamani kubwa kuliko rangi mpya.

Ukikuta uji wa kahawia kwenye chupa ya kulanti, usikimbilie kuhukumu gasketi ya kichwa. Kwenye gari hili mara nyingi ni sili za kipoza oili, kazi ndogo zaidi. Tumia jambo hilo kupunguza bei, lakini baada ya kupima mgandamizo.

MR2 ya mwaka 2001 ninayoitaka inasemekana "inakunywa oili kidogo". Kidogo ni kiasi gani?

Kwa kizazi hicho cha tatu, kilichotoka 1999 hadi 2007, usilipokee neno hilo kirahisi. Injini za mwanzo, za kabla ya mwaka 2003 hivi, zilikuwa na pistoni ambazo matundu yake ya kurudisha oili huziba. Oili inaungua, na joto lake linaharibu visafishaji moshi vidogo viwili vilivyo karibu kabisa na injini. Vikimeguka, vumbi lake gumu linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kuzikwaruza. Hapo oili inaungua zaidi, na injini inakwisha.

Zitoe sensa mbili za oksijeni za juu kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, na umulike ndani ya matundu yake. Unapaswa kuona sega safi, kama la nyuki, lisilo na ufa. Ukiona sega limebomoka, hesabu bei ya injini nyingine. Ukikuta tupu kabisa, uliza ni nani aliyelitoa na lini, maana kuna waliolitoa makusudi mapema kwa tahadhari na kuna waliochelewa. Lita moja kwa kilomita 1,000 ni injini ya kufunguliwa, hata kama inavuta vizuri.

Porsche Boxster za zamani zimeshuka bei. Mbona watu wananitisha?

Kwa sababu ya beringi moja ya shafti ya kati, nyuma ya injini za kizazi cha 1996 hadi 2004. Ikivunjika, injini nzima inakwenda nayo. Haivunjiki kwa wote, wala si kwa walio wengi, na inabadilishika giaboksi ikiwa imetolewa kwa ajili ya klachi. Tafuta gari ambalo kazi hizo mbili zimefanywa pamoja na risiti ipo. Kama haipo, mwambie fundi akate chujio la oili na kulikunjua: vipande vichache vya plastiki ya kahawia ni vya vikazio vya mnyororo, lakini chembe za chuma zinazong'aa ni sababu ya kuondoka. Matundu ya maji ya paa yachunguze kama tulivyoeleza kwa MX-5, maana yakiziba maji huenda kwenye kisanduku cha umeme kilicho chini ya kiti.

MGB yangu mtarajiwa ni ya 1972. Itaharibika kwa petroli isiyo na risasi?

Inaweza, polepole. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za kutolea moshi. Bila hiyo, kwa mwendo mkali wa muda mrefu, valvu inachimba kiti chake na kuzama kwenye kichwa cha silinda. Muulize muuzaji kama viti vigumu vimewekwa. Kama havijawekwa, pima nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ambayo ni milimita 0.38 injini ikiwa baridi, na uipime tena kila kilomita 5,000. Nafasi inayopungua kila mara kwenye valvu ileile ndiyo dalili. Mpaka hapo itakapojitokeza endesha kwa raha, ukitumia kiongezi cha kulinda valvu. Mipira ya mafuta ya zamani ibadilishe yote kwa ile inayohimili ethanoli, kwa sababu ya zamani hulainika na kuvuja juu ya bomba la moto.

Kinachoiua MGB zaidi ni vizingiti, kwa kuwa ndivyo vinavyoibeba. Inua gari kwa jeki upande mmoja, kwenye sehemu yake maalumu, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo. Ukikwama, au mwanya wake ukibadilika, bodi inapinda. Bodi mpya nzima za MGB zilianza kutengenezwa tena na British Motor Heritage mwaka 1988, kwa hiyo gari haliwezi kusemwa limekufa, ila gharama hiyo si ya mwenye bajeti ndogo.

Lililobadilishwa sana au la asili?

La asili. Springi fupi, usukani mdogo na programu ya injini isiyojulikana imetoka kwa nani hukuongezea kazi ya kutafuta makosa ya mtu mwingine. Kilichobadilishwa kikubalike pale tu vipuri vya asili vinapokuja navyo ndani ya boksi.

Nimeshanunua MX-5 ya 1.6. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Hongera. Chukulia kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa hadi uone risiti. Oili ya injini na chujio, kama lita 3.6. Giaboksi lita 2 za oili ya gia ya daraja la GL-4, uzito 75W-90, na usiweke GL-5 ya kawaida, kwani viongezi vyake huweza kudhuru shaba ya sinkronaiza. Kulanti lita 6. Mafuta ya breki na klachi DOT 4, kisha kila miaka 2. Mkanda wa taiming kila kilomita 100,000. Ukikatika kwenye injini hii valvu haziguswi, lakini utabaki njiani.

Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililopita miaka 10 litupe hata kama kashata zake ni ndefu, maana mpira mgumu haushiki barabara yenye maji, na gari hili jepesi lenye nguvu nyuma halina kompyuta ya kukuokoa. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka isome 13.8 hadi 14.5.

Baada ya hapo liendeshe. Nusu saa kila wiki mbili inatosha, mradi oili ipate joto kamili. Kuliwasha dakika tano kwenye maegesho kila Jumapili ni kulidhuru: maji na petroli vinabaki kwenye oili, na bomba la moshi linaozea ndani. Kabla ya kuliegesha kwa zaidi ya mwezi, jaza tanki, ongeza hewa kwenye matairi, chomeka chaja ndogo ya betri, na uache breki ya mkono ikiwa chini, gari likizuiwa kwa vigingi. Breki za nyuma za MX-5 hunata zikiachwa zimeshika.